Kaka anaitwa Mashaka, dada aitwe nani?

Mimi mwenzio wiki hii sikulala vizuri, na aliyeninyima usingizi ni mtoto wa siku chache ambaye wala si wangu.

Ni hivi. Majirani zangu hapa Temeke, ukuta kwa ukuta, wamejaliwa mtoto wa kike. Kaka yake ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Hapa nitamwita Mashaka. Silo jina lake hasa, nimelibadili nisije nikafukuzwa mtaani, lakini maana yake ni hiyo hiyo.

Mtaa mzima tunajua kwa nini aliitwa hivyo. Kabla yake mama alipoteza mimba mbili. Alipoingia yeye tumboni, baba mtu akapunguzwa kazini. Kodi ya chumba haijalipwa miezi mitatu, mama kalazwa, na mtoto naye akatoka kabla ya wakati, kadogo kama boflo. Watu wakawa wanaulizana kwa macho tu kama atafika asubuhi. Akafika. Bibi yake, mama mzaa baba, akasema mtoto huyu ni Mashaka. Hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli tupu. Na tena wazee wana imani yao: mtoto anayekuja baada ya wenzake kupotea hapewi jina la kujidai. Anapewa jina la hovyo hovyo, ili balaa likipita mlangoni lisimtupie jicho.

Leo mambo ni mengine. Baba ana bajaji mbili na kibanda cha vipuri. Binti kazaliwa na kilo tatu na nusu, akilia anasikika mpaka kwa muuza mkaa. Siku ya pili tu baba mtu kasimama kibarazani, kikombe cha kahawa mkononi, katangaza:

"Jamani, huyu anaitwa Neema. Mashaka yamekwisha, sasa neema imeingia. Na kuanzia leo mniite Baba Neema!"

Sisi wanywa kahawa tukacheka, tukampa mkono. Jina zuri, bwana. Nani asiyeitaka neema?

Mashaka alikuwa amekaa pale pale kwenye ngazi, anafunga kamba mpira wake wa makaratasi. Yeye hakucheka. Usiku ule ule akamwuliza mama yake swali ambalo mama alikuja kumsimulia mke wangu asubuhi, macho mekundu:

"Mama, kwani mimi ndiyo yale mashaka yaliyokwisha?"

We acha tu.

Mpenzi msomaji, nimelileta jambo hili hapa kwa sababu naona wengi tunalichukulia kimzaha. Mtoto wa kwanza akizaliwa unampa jina moja, basi. Lakini wa pili akija, usidhani unamtafutia jina yeye peke yake. Unawapa majina wote wawili. Jina la kaka lilikuwa limesimama lenyewe, halina wa kulilinganisha naye. Sasa limepata jirani, na majirani, si unajua tena, lazima wasemane.

Neema lenyewe halina kosa. Likikaa na Baraka ni ndugu kabisa. Likikaa na Juma halina ugomvi na mtu. Lakini ukilikalisha karibu na Mashaka, tena ukatangaza mbele za watu kwamba moja limekuja kulifuta jingine, hapo hujampa binti jina tu. Umemvua kijana wako lake.

Wazee wetu jambo hili walilijua, na kila kabila lilikuwa na ujanja wake wa kuwapanga ndugu bila ya mmoja kuonekana kazidiwa.

Chukua Wajaluo, hawa wa Rorya kwetu na wenzao wa ng'ambo ya mpaka Kenya. Wao majina mengi wanayatoa kwenye saa ya kuzaliwa au hali ya hewa. Aliyezaliwa usiku akiwa wa kiume ni Otieno, wa kike ni Atieno. Siku ya mvua ni Okoth au Akoth. Jina moja, mlango tu ndio tofauti: O kwa mwanamume, A kwa mwanamke. Kwa hiyo Otieno akifuatiwa na dada aliyezaliwa asubuhi, yule anakuwa Akinyi. Usiku na asubuhi katika nyumba moja, na hakuna anayesema asubuhi imekuja kuufukuza usiku. Kila mmoja ana saa yake.

Wasukuma mapacha wana Kulwa na Doto, wakiwa wa kiume au wa kike ni hayo hayo, na atakayewafuata ni Shija. Yaani hata yule wa tatu jina lake linakumbuka waliomtangulia. Hajazaliwa peke yake, ana msafara.

Wenzetu Wakikuyu wamekwepa ubishi kabisa. Kijana wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza jina la bibi mzaa baba, halafu wa pili wanakwenda upande wa mama. Huko hakuna kuumiza kichwa. Kazi ya wazazi ni kuzaa tu, foleni ya majina ilishapangwa zamani.

Wanyakyusa nao wana majina ambayo ukiwaita watoto mlangoni unadhani unaomba dua. Lusajo ni baraka, Lusekelo ni furaha, Lugano ni upendo. Ukiwa na watatu hao umemaliza kila kitu unachokitaka duniani, imebaki karo.

Na sisi huku pwani tuna yetu. Juma ana Mwajuma, Hamisi ana Mwanahamisi, Idi ana Mwanaidi. Siku ndiyo iliyoamua, wala hakuna wa kulalamika. Halafu kuna yale ya kukata kitambaa kimoja: Said na Saida, Farid na Farida, Jamal na Jamila, Rashid na Rashida. Kwa Wakristo utakuta Paulo na Paulina, Joseph na Josephine.

Haya ya kitambaa kimoja yanapendeza, lakini yana kasheshe yake, acha nikutahadharishe. Kwanza, ukimwita mmoja wanakuja wote, au mbaya zaidi hakuji hata mmoja, kila mtu anadai alidhani kaitwa mwenzake. Na utaona hilo linatokea hasa ukiwa unatafuta wa kutumwa dukani. Pili, wakikua wanakuwa na herufi ya kwanza moja, jina la baba moja na la babu moja. Barua ya S. fulani inafika nyumbani, nani aifungue? Siku hizi ndiyo balaa zaidi. Mtu anakutumia hela kwenye simu, anasoma jina haraka haraka, inakwenda kwa dada mtu, na dada keshanunua kiatu. Kama unataka yafanane, yafanane maana au mdundo, lakini herufi za mwanzo ziachane.

Tatu, usimtafutie binti jina kana kwamba ni mkia wa kaka yake. Kuna nyumba nyingine ukiuliza kwa nini huyu anaitwa hivi, jibu ni "ili lifanane na la kaka yake". Basi? Yeye hakuja na lake? Huyu binti ataolewa, ataajiriwa, atakuwa bibi wa watu huko mbali ambako hakuna anayemjua kaka yake. Jina lazima lisimame hata siku ambayo kaka hayupo karibu.

Na nne, ndiyo iliyotupata hapa mtaani: jina la kumtangaza mmoja na kumzika mwingine. Hili si la Mashaka peke yake. Wapo akina Tabu, akina Shida, akina Majuto, Sikujua, Sikudhani. Nchi hii imejaa watu waungwana sana wenye majina hayo, tena wengine mabosi zetu. Mzazi alipokuwa analia, kilio kikaandikwa kwenye cheti cha mtoto. Sasa neema ikija usimwonyeshe mtoto kwamba yeye ni risiti ya deni la zamani.

Turudi kwa majirani.

Siku ya nne bibi akashuka kutoka Rufiji, kapu la samaki wakavu kichwani. Naye alikuwa na lake: mjukuu awe somo yake. Wifi mtu akasema hapana, zamu ni ya mama mzaa mama. Ikawa vuta nikuvute, huku siku ya saba inakuja, mbuzi wa akika keshalipiwa na yuko nyuma ya nyumba anakula maganda ya ndizi, na mtoto hana jina. Mama mzazi yeye kimya. Alisema neno moja tu: "Lolote, ila Neema hapana." Baba akaona kadhalilishwa. Wakawa hawaongei, wanasalimiana kupitia kwa mtoto.

Ustadhi wa msikiti wetu akaitwa. Mtu mstaarabu, akasikiliza pande zote. Akasema dini inataka mtoto apewe jina lenye maana nzuri, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwabadilishia watu majina yenye maana mbaya, yupo mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Kwa hiyo kama jina la kijana linamkera, hakuna ubaya nalo likabadilishwa siku hiyo hiyo, mambo yakaisha.

Baba akafurahi. Akamwita Mashaka, akamwuliza: "Mwanangu, unataka tukuite nani?"

Mtoto akatazama chini, akasema: "Madaftari yangu yote yameandikwa Mashaka. Na timu yetu wananijua Mashaka."

Mnaona? Hakuwa analichukia jina lake. Alichukia kusikia kwamba siku zake zilikuwa mbaya na za mdogo wake ndizo nzuri. Sisi watu wazima tulikuwa tunatibu mguu na donda liko mkononi.

Jioni ile nikamwita kibarazani kwangu, nikamnunulia kashata. Nikamwuliza: unamjua Nyerere? Akasema ndiyo, Baba wa Taifa. Nikamwuliza tena: Nyerere maana yake nini? Hajui. Nikamwambia, kwa Kizanaki ni viwavi. Wale wadudu wanaokula mazao shambani. Baba yake Mwalimu, Chifu Burito, alipozaliwa huko Butiama, nchi ilikuwa imevamiwa na viwavi, ndiyo wakamwita hivyo. Na Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1922, kwanza alipewa jina la Mugendi, yaani mtembezi. Baadaye mganga akashauri abadilishwe, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Mashaka akaacha kutafuna. "Viwavi?" Akacheka mpaka kashata ikamtoka. "Kwa hiyo uwanja wa ndege ni uwanja wa viwavi?"

Nikamwambia ndiyo, na lile bwawa la umeme la Rufiji kwa bibi yako nalo ni bwawa la viwavi. Lakini nani leo akisikia Nyerere anafikiria wadudu? Jina lilizaliwa siku ya njaa, mwenye jina akalipeleka mbali. Jina la siku mbaya si jina la mtu mbaya.

Hakujibu. Lakini alikwenda nyumbani anaimba imba, na kwa kijana wa miaka tisa hilo ni jibu.

Basi bwana, aliyekata mzizi wa fitina ni bibi. Usiku wa kuamkia akika aliwaketisha wote mkekani, na Mashaka naye akakaa. Akamwambia mwanawe maneno ambayo nilipewa na mke wangu, aliyekuwa pale anamenya vitunguu:

"Wewe unasema mashaka yamekwisha. Nani aliyekwambia yalikuwa ni huyu mtoto? Jina nililitoa mimi, na maana yake naijua mimi. Mashaka yalikuwa yako na mkeo na kodi ya nyumba. Huyu ndiye aliyetutoa humo. Usiku ule tulikuwa na mashaka kama ataishi, akaishi. Ndiyo nikampa jina hilo, kila nikimwita nikumbuke kwamba yalishindwa."

Kimya. Halafu akauliza: "Miaka tisa hii mlikuwa mnakula nini?"

Baba akadhani swali la chakula, akaanza kusema ugali. Bibi akamkata: "Mlikuwa mnakula subira. Basi mtoto ni Subira. Usomo wangu nimeusamehe, nitaupata kwa mwingine."

Mashaka na Subira. Hebu yaseme kwa sauti, mpenzi msomaji. Mashaka, Subira. Herufi za mwanzo zimeachana, silabi tatu kwa tatu, yote yanaishia na "a", ukiita toka dirishani hakuna wa kuchanganyikiwa. Lakini zaidi ya mdundo, angalia yanavyosemana. Subira halimwambii Mashaka ondoka. Linamwambia nilikuwepo toka siku zako. Bila ya mashaka, nani angeihitaji subira? Na bila ya subira, mashaka yangefikia wapi? Kila mmoja anampa mwenzake maana, na hakuna aliye juu ya mwingine. Tena ni jina la pwani la miaka mingi, linalosimama lenyewe hata akiolewa Kigoma.

Mashaka naye alitaka kuhakikisha. "Subira maana yake anasubiri?" Akaambiwa ndiyo. "Alikuwa anamsubiri nani?"

Mama mtu, ambaye siku zote hizo alikuwa hajacheka, akamwambia: "Alikuwa anakusubiri wewe ukue, umfundishe kutembea."

Kijana kafura kama andazi. Siku ya akika alikuwa mlangoni anawapokea wageni, kila anayeingia anaambiwa: "Karibu, mdogo wangu anaitwa Subira." Nywele zikanyolewa, dua ikasomwa, mbuzi akaliwa. Na baba mtu, mwungwana kweli kweli, akasimama na kikombe chake cha kahawa, akasema pale pale alipoharibu: "Jamani, mimi bado ni Baba Mashaka." Tukapiga makofi kuliko siku ya kwanza.

Sasa wewe msomaji wangu ambaye tumbo liko mwezi wa nane, au mke yuko leba na wewe unasoma gazeti hili kwenye benchi, chukua haya machache.

Yaite majina yote mawili kwa sauti, ukiwa umesimama mlangoni, kama unawaita wakaoge. Yakigongana ulimini, tafuta jingine. Kisha liunge la binti na jina la baba na la babu, maana shuleni na kwenye kitambulisho cha NIDA ndivyo litakavyoandikwa. Kisha fikiria watoto wa darasani: watalifanyia utani gani likiwa pamoja na la kaka yake? Wao hawana huruma, wataliona kabla yako.

Maana yake pia ichunguze, hasa haya majina mageni tunayoyaokota kwenye filamu. Uliza mtu anayejua hiyo lugha. Na jambo hili lifanyike mapema, si dakika ya mwisho. Kizazi kinatakiwa kisajiliwe RITA ndani ya siku 90, na jina likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni nenda rudi za maofisi na mawakili. Mwulize ustadhi, mwulize padri, mwulize bibi. Lakini usimsahau mtu mmoja ambaye wengi hatumwulizi kabisa: yule kaka. Usimwachie achague, utapata mtoto anayeitwa jina la mchezaji wa Simba au Yanga. Mpe mawili matatu mliyokwisha kuyachuja, mwambie "sisi tunayapenda haya, wewe unaonaje?" Akishatia neno lake, mtoto anakuwa wake pia, na jina hatalionea wivu.

Na kama jina la wa kwanza lilizaliwa siku ya machozi, mweleze kisa chote kabla ya wa pili hajapata lake. Mweleze mpaka mwisho, mpaka pale alipopona. Mtoto akijua jina lake ni ushindi, mdogo wake mwite hata Neema, haitamwuma.

Nimesema Neema? Aa, jirani asinisikie.

Sasa hivi naandika haya, ukuta wa pili Subira analia na Mashaka anambembeleza kwa wimbo wa timu yao. Leo tena hakuna kulala. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.